Mtoto wa dada yangu ndiye anayemuuguza mama yake: je, nimchukue?

Swali: Dada yangu mkubwa alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wa kulia umepooza na maneno yanamtoka kwa shida. Mumewe alikwisha kufariki, kwa hiyo anaishi na binti yake wa miaka 14 na mwanawe wa kiume wa miaka 6. Binti ndiye anayefanya kila kitu: kumwogesha mama, kumpa dawa, kupika, kufua, kumwandaa mdogo wake kwenda shule, na usiku hulala chumba kimoja na mama, ambaye humwita kwa kengele ndogo. Ndugu wote tunamsifu. Mimi naishi mbali na hutuma fedha kila mwezi. Juzi mwalimu wake wa darasa alinipigia simu kunieleza kwamba anachelewa karibu kila siku na anasinzia darasani. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama mdogo, mimi sijachoka." Nafikiria kumchukua aje kuishi kwangu. Je, nitakuwa nimefanya vyema?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na mwisho wa barua yako. Kwa maelezo uliyonipa, usimchukue kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kuwa hali yake ni nzuri. Si nzuri, na simu ya mwalimu inatosha kutuonyesha hilo. Nasema hivyo kwa sababu kinachomchelewesha shule binti huyu si kuishi na mama yake, bali ni saa chache zinazojulikana, za usiku na za asubuhi, ambazo kazi ya mtu mzima imemwangukia mtoto kwa kuwa hapakuwa na mtu mzima wa kuipokea. Ukimwondoa yeye, kazi itabaki palepale, na atakayebaki nayo ni mtoto wa miaka 6. Naye binti atakuja kwako akiwa amelala kwenye kitanda kizuri huku masikio yake yakisikiliza kengele isiyokuwapo.

Nimefanya kazi na familia zenye wagonjwa wa muda mrefu kwa miaka mingi, na jibu hilo la "sijachoka" nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikilisikia ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Si lazima liwe uongo. Mtoto aliyeanza kuuguza akiwa na miaka 12 hana kipimo kingine cha kujipimia. Kwake hiyo ndiyo siku ya kawaida, na uchovu ndio mwili wake ulivyo. Serikali ya Japani ilipotoa mwaka 2021 matokeo ya uchunguzi wake wa nchi nzima, ilibainika kwamba takriban mwanafunzi mmoja kati ya 17 wa mwaka wa pili wa sekondari ya chini alikuwa na mtu wa familia anayemhudumia, na zaidi ya nusu yao hawakuwahi kumweleza mtu yeyote. Sababu iliyotajwa zaidi haikuwa woga, bali ni kwamba hawakuona kama hilo ni jambo la kumsumbulia mtu. Kwa hiyo usimuulize tena kama amechoka. Muulize usiku wa kuamkia leo mama aliita mara ngapi, na ni lini mara ya mwisho alipofanya jambo ambalo ni lake mwenyewe, lisilomhusu mama wala mdogo wake. Swali la pili watoto wengi huwa wanalifikiria kwa muda mrefu kuliko tunavyotarajia.

Kabla ya kwenda kwenye la kufanya, tutofautishe mambo mawili ambayo familia nyingi huyachanganya. Mtoto kusaidia nyumbani, hata kumsaidia mzazi mgonjwa, si dhuluma. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 31, unautaja kuwa ni wajibu wa mtoto kuwasaidia wazazi wake wanapohitaji, ila unaufunga wajibu huo kwa umri na uwezo wake. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na unamkinga dhidi ya kazi inayoingilia elimu yake. Mikataba hiyo miwili haipingani. Mpaka kati ya kusaidia na kubebeshwa hauko kwenye aina ya kazi tu, bali katika maswali matatu: je, mtoto akishindwa leo, yupo mtu mzima atakayeifanya kazi hiyo? Je, kazi hiyo inamnyang'anya usingizi, masomo au marafiki? Na je, anaweza kusema "leo siwezi" bila mtu kudhurika? Kwa binti wa dada yako, kwa jinsi ulivyoeleza, majibu ni hapana, ndiyo, na hapana.

Wapo wanaopenda kuona hesabu, na hesabu ipo. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza, akiwamo Saul Becker ambaye amewachunguza watoto hawa kwa muda mrefu kuliko wengi, walichapisha dodoso fupi la maswali 18 kuhusu kazi ambazo mtoto amezifanya katika mwezi uliopita: usafi na vyombo, manunuzi, mambo ya fedha, kumvika na kumwogesha mgonjwa, kukaa naye na kumwangalia, kuwatunza wadogo. Kila swali hujibiwa kwa sifuri ikiwa hafanyi kabisa, 1 ikiwa hufanya mara nyingine, na 2 ikiwa hufanya mara nyingi. Jumla ya 14 na kuendelea huhesabiwa kuwa mzigo mkubwa. Kwa barua yako pekee, bila kumuuliza binti mwenyewe neno lolote, nimeifikia 16.

Sasa twende kwenye saa. Nakushauri uende ukakae nao siku mbili au tatu, usiku ukiwamo, na usiende kama mgeni wa kuandaliwa. Lala karibu nao. Andika nani anafanya nini saa ngapi. Wengi wanaposema "anafanya kila kitu" huwa wanasema kweli bila kujua wanachokisema, na msaada unaotolewa kwa "kila kitu" haufiki popote.

Nitakupa mfano mmoja. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa akimuuguza baba yake aliniambia kwamba usiku huamka "mara mbili hivi". Baba naye alikubali kuwa ni mara mbili. Tuliweka karatasi na penseli kando ya kitanda, kijana akawa anachora mstari kila anapoitwa. Baada ya usiku wa tatu tulihesabu mistari 19. Hakuna aliyekuwa ametudanganya. Mtu anayeamka usingizini hahesabu. Baba aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mara nyingine alikuwa akiita si kwa haja yoyote, bali giza lilikuwa linamtia hofu, na akisikia hatua za mwanawe hofu ilikuwa inaondoka. Tuliweka taa ndogo karibu na mlango. Wiki iliyofuata mistari ilipungua kwa karibu nusu. Nimehudhuria vikao virefu vya wataalamu ambavyo havikuzaa faida ya taa ile.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba kila mwito una sababu, na sababu nyingi zina dawa isiyohitaji mtoto. Kama dada yako huita kwa ajili ya haja, kiti cha choo cha kuweka kando ya kitanda, upande wa mwili wake wenye nguvu, kinaweza kuondoa safari za usiku ambazo ndizo zenye hatari ya kuanguka. Kama ni kiu, chombo cha maji kiwekwe mahali mkono wake wa kushoto unapofika, lakini kwanza hakikisha kwa daktari au mtaalamu wa usemi kwamba amepimwa umezaji, kwani kiharusi huweza kuuvuruga na maji yakaingia njia ya hewa. Kama hawezi kujigeuza, mwulize muuguzi kuhusu ratiba ya kumgeuza na godoro linalopunguza vidonda vya kulalia. Hilo si jambo la kumwachia mtoto akisie. Na kama ni huzuni, ujue kwamba takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika, wala si unyonge wa moyo. Kwa kijana wa umri wa binti huyu wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Anayesinzia darasani si mvivu. Anadai deni lake.

Asubuhi ni rahisi zaidi kuliko usiku, na hapa ndipo fedha zako zinapoweza kufanya kazi ambayo hazijaifanya. Unatuma kila mwezi, na sina shaka zinasaidia, lakini fedha hazimwinui mgonjwa kitandani. Chukua sehemu yake umlipe mtu mzima, awe jirani, ndugu au mhudumu wa kuajiriwa, aje kwa muda wa saa mbili kila asubuhi ya siku za shule: amwogeshe mama, amvike, ampe kifungua kinywa. Katika muda huohuo binti ajiandae yeye na mdogo wake, watoke. Ukiipima misaada yako kwa saa ulizomrudishia mtoto badala ya kiasi ulichotuma, utashangaa jinsi kiasi kilekile kinavyofika mbali. Wanawake wawili wa familia moja niliyoifuatilia walikuwa wakichanga kila mwezi kwa uaminifu mkubwa, na mchango huo ukawa unanunua vitu ambavyo mtoto yuleyule alipaswa kwenda kuvinunua, kuvibeba na kuvipika. Walikuwa wamemwongezea kazi kwa mapenzi.

Kuna kazi ambazo, kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 14 asiachiwe hata kama anaziweza. Ya kwanza ni kumbeba na kumhamisha mgonjwa peke yake. Mgongo wake bado unakua, na mgonjwa naye yuko hatarini: bega la upande uliopooza huwa limelegea, na kumvuta kwa mkono huo kunaweza kuliumiza vibaya. Mtaalamu wa fiziotherapia awafundishe watu wazima wote wa familia jinsi ya kumsimamisha na kumkalisha, na binti awepo aone, lakini asiwe yeye pekee anayejua. Ya pili ni kuamua dawa. Wagonjwa wa kiharusi wengi hutumia dawa za shinikizo la damu na za kuzuia damu kuganda, ambazo dozi yake ikirudiwa kwa kusahau au ikikosekana madhara yanaweza kuwa makubwa. Nunua kile kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku za wiki. Mtu mzima akijaze kila mwisho wa wiki, na kazi ya mtoto ibaki kukumbusha tu. Akikuta chumba cha jana bado kina kidonge, asiamue, apige simu. Ya tatu ni huduma za faragha. Wapo mabinti wanaosema hawaoni tatizo kumwogesha mama yao, na mama anayesema hivyo pia, na huenda ni kweli. Lakini waulize kila mmoja peke yake, kwa maana mara nyingi kila mmoja anavumilia kwa kudhani mwenzake ameridhika.

Ya nne haionekani kwa macho, na mimi huiogopa kuliko hizo zote. Ni mtoto kuwa msiri wa mzazi wake: anayeambiwa deni la nyumba, anayefariji machozi ya usiku, anayechunga uso wa mama ili ajue leo azungumze nini. Kuosha vyombo kuna mwisho; kazi hii haina, kwa kuwa mtoto huenda nayo shule na kurudi nayo. Dalili zake huja kwa mlango mwingine: tumbo au kichwa kuuma bila sababu inayopatikana, hasira za ghafla kwa mdogo wake, au, kinyume chake, utiifu uliopita kiasi, wa mtoto asiyekosea kamwe kwa kuwa anaamini akikosea nyumba itaanguka. Watu wazima huipenda sana dalili hii ya mwisho na huiita adabu.

Dawa ya hilo, kwa sehemu kubwa, iko kwa dada yako. Katika barua yako umemweleza binti kwa kirefu na umemweleza mwalimu, lakini mama hajasema kitu. Kumbuka kwamba kiharusi kinachoharibu usemi si lazima kiharibu akili. Mtu anaweza kukosa neno na bado akajua sawasawa anachotaka. Yeye ndiye mzazi wa nyumba ile. Zungumza naye kwanza, kabla ya kikao chochote cha ndugu, kwa maswali ambayo anaweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana, na umpe muda. Kimya cha nusu dakika kwake si kukubali wala kukataa, ni njia linayopitia neno kutoka. Kisha mrudishieni kazi za mama ambazo hazihitaji mkono wa kulia: ripoti ya shule afikishiwe yeye kwanza, yeye ndiye aruhusu au akataze binti kwenda kwa rafiki, yeye amsikilize mdogo akisoma. Nimeona watoto wakishusha mabega siku mama alipowagombeza tena kwa kuacha viatu mlangoni.

Unapozungumza na binti, chagua wakati mnapofanya jambo pamoja, mkikunja nguo au mkitembea, ili macho yasilazimike kukutana. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwahidi kwamba hutamwambia mtu kabla ya kumjulisha yeye. Mweleze ukweli kuhusu ugonjwa. Watoto wengi wana maelezo yao wenyewe ya kwa nini mzazi aliugua, na maelezo hayo mara nyingi huwahusisha wao: tuligombana siku ile, nilimkasirisha, sikuamka mapema. Mwambie waziwazi kwamba kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake, na kwamba hakuna neno la mtoto linaloweza kufanya hivyo. Huko Uswidi na Norwe, sheria zilizoanza kutumika mwaka 2010 ziliwapa watumishi wa afya wajibu wa kuangalia kama mgonjwa ana watoto na kuhakikisha watoto hao wanapata maelezo na msaada wanaouhitaji. Kwingineko mara nyingi inabidi mtu aulize. Basi siku ya kliniki uwe wewe unayeuliza: nani amemweleza binti huyu, na lini?

Katika maelezo hayo kuwe na jambo moja la dharura, kwa kuwa aliyepata kiharusi mara moja anaweza kukipata tena. Ajue dalili: uso kuvutika upande mmoja, mkono kukosa nguvu ghafla, usemi kubadilika kuliko ulivyozoeleka. Akiziona apige simu ya dharura palepale na atazame saa zilianza lini, kwa kuwa baadhi ya matibabu hutegemea saa chache za mwanzo. Namba ya huduma za dharura na namba za watu wazima wawili zibandikwe ukutani. Kisha mwambie kazi yake inaishia kwenye simu ile; yanayofuata, yawe mema au mabaya, si yake.

Kuhusu shule, mwalimu yule aliyekupigia ni hazina, na usimpoteze kwa kumjibu kwamba mtazungumza na mtoto. Mwombe mambo mahususi: kwamba mwalimu mmoja tu, ambaye binti mwenyewe atamchagua, ndiye awe mtu wake wa kumwendea, kwamba kuchelewa kwake kusiadhibiwe wakati mnapanga upya asubuhi, kwamba apewe nafasi ya kumaliza kazi za nyumbani kabla ya kuondoka shuleni, na kwamba awe na njia ya kujua, kama wakati wa mapumziko, kuwa mama yu salama. Jambo ambalo shule isilifanye ni kumsimamisha mbele ya wenzake kama mfano wa kuigwa. Mtoto aliyetangazwa kuwa shujaa hawezi tena kusema ameshindwa.

Hilo linanirudisha kwenu ndugu, na naomba mnivumilie. Sifa mnazompa ni za kweli, lakini zimegeuka kuwa malipo ya kazi ambayo hakuna mwingine anayetaka kuifanya. Itisheni kikao, dada yako akiwapo, na mjadala usiwe juu ya nani anampenda mgonjwa. Kila mtu atasema anampenda. Leteni ile orodha ya saa uliyoiandika, na kila mtu mzima achukue saa, si ahadi. Wanaume wa familia nao wachukue. Nimezoea kusikia kwamba wao hawajui kuuguza. Binti huyu naye hakujua, alijifunza akiwa na miaka 12. Anayeishi mbali kabisa anaweza kuchukua kazi za simu: miadi ya kliniki, ufuatiliaji wa dawa, barua za shule, bili. Na mkiwa na ofisi ya ustawi wa jamii mnayoweza kuifikia, nendeni mapema, mkiwa bado mnaweza kuchagua. Familia nyingi hujificha kwa kuhofia watoto kuchukuliwa. Lakini miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Sheria za England za mwaka 2014 zilikwenda mbali zaidi: mtoto anayeuguza akionekana kuhitaji msaada, halmashauri inapaswa kumfanyia tathmini bila kungoja aombe, na kuangalia kama mgonjwa mwenyewe anaweza kupewa huduma ambazo zitampunguzia mtoto mzigo. Huo ndio utaratibu ninaoufuata nami popote: kwanza mgonjwa anakosa nini, ndipo mtoto anakosa nini.

Jihadhari pia na kosa la upande wa pili, ambalo nililifanya mwenyewe mwanzoni mwa kazi yangu. Nilimwondolea msichana mmoja kazi zote kwa siku moja, nikidhani nimemkomboa, naye akakaa wiki nzima mlangoni akimtazama mhudumu mgeni akimlisha mama yake vibaya. Mtoto huyo alikuwa na ujuzi, alikuwa na fahari, na mimi nilivichukua vyote pamoja na mzigo. Muulize binti wa dada yako ni kipi angependa kibaki chake. Huenda akasema kumsuka mama nywele, au kumsomea jioni. Kibaki. Na mhudumu anayekuja asubuhi afundishwe na binti huyo kwa siku mbili tatu, kwa sababu hakuna aliye na taarifa nyingi kuliko yeye kuhusu mama anavyopenda kugeuzwa na neno gani analimaanisha anaposema jingine.

Je, kuna hali ambayo ningekuambia umchukue? Ndiyo. Ikiwa kuna kipigo au mtu anayeingia nyumbani humo na kumsumbua. Ikiwa ameacha shule kabisa na hakuna mtu mzima atakayekubali kuchukua saa hata moja. Ikiwa mama anazungumza kuhusu kujiua na mtoto ndiye anayemlinda. Au ikiwa binti mwenyewe anadokeza kujidhuru. Katika hali hizo usingoje kikao. Wasiliana na ustawi wa jamii na huduma za afya siku hiyohiyo, watoto wote wawili waondoke pamoja, na mgonjwa apate mtu wa kumtunza. Vilevile akiomba yeye mwenyewe kuja kwako, msikilize kwa uzito, maana mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika jambo linalomhusu. Ila ukimchukua, awe mwanafunzi kwako. Nimekutana na zaidi ya mmoja aliyeondolewa kwa mama mgonjwa akaishia kulea watoto wa waliomwokoa.

Huyo mdogo wa miaka 6 naye usimsahau kwenye mpango. Kuna siku dada yake atataka kwenda kusoma mbali, na familia ambayo haijajipanga itageuka kumtazama yeye.

Kwa hiyo nenda, na uanze na usiku. Ukifika jioni ya kwanza usimwambie binti akapumzike, kwa kuwa ataitika na hatapumzika. Mhamishie chumba kingine, mwambie mama yake mbele yake kwamba usiku huu utaamka wewe, kisha ichukue ile kengele kwa ruhusa ya dada yako, ujaribu kuona kama sauti yake inakufikia pale utakapolala. Huenda binti akaja mara ya kwanza ikilia, na hata ya pili. Mrudishe kitandani bila maneno mengi. Usiku wa tatu, pengine, hataamka.